Matroni Aliyetuchagulia Simu

Mtaani kwetu Nkuhungu watu walikuwa hawanunui simu bila kupita kwanza kwa Matroni. Wengine walipita kwa kupenda, wengine kwa sababu nyumba yake ipo kwenye njia ya kwenda sokoni na hakuna namna ya kuikwepa. Alikaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja kaunyoosha juu ya ndoo iliyofudikizwa, anachambua mchele, na ukipita mbele yake na hela za simu mfukoni alikujua tu. "Wewe, njoo hapa," alikuita. "Kabla hujaenda kuibiwa, njoo nikuulize."

Ukimjua alikotoka, jambo hilo linachekesha, kwa sababu mama huyu kazi yake yote maishani ilikuwa kunyang'anya watu simu. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana huko Kongwa, na mimi nililala kwenye bweni hilo. Simu zilikuwa marufuku shuleni, kama zilivyo mpaka leo, na sisi tulikuwa nazo, kama walivyo nazo mpaka leo. Tulizificha ndani ya mikate iliyotobolewa, ndani ya miche ya sabuni, chini ya unga wa mlenda tuliofungiwa na mama zetu. Zote alizipata. Hakufoka wala hakupiga mtu. Aliipokea simu kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga, akaitazama mbele na nyuma, akaizima, halafu akasema maneno yake yale yale: "Utapewa siku ya kufunga shule."

Ya kwangu niliificha ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, nikaifukia kwa karanga za kukaanga. Kongwa karanga zimejaa, kila msichana ana mkebe wake, nani angetilia shaka? Matroni aliutoa mkebe sandukuni, akautikisa karibu na sikio huku kafumba macho, kama anasikiliza redio ya mbali. "Karanga hazigongi hivi," akasema. Akaondoka na simu, na karanga, na mkebe. Simu nilirudishiwa siku ya kufunga shule. Karanga walikula yeye na mpishi. Mkebe, wenye herufi zangu nilizozikwaruza kwa msumari, sikuuona tena, na nilipokuja kupanga nyumba jirani naye Nkuhungu nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu, jambo la kwanza nililomwambia baada ya shikamoo lilikuwa hilo. "Marahaba," akajibu. "Mkebe gani?"

Basi simu alizijua kuliko wauzaji wa simu. Zilikuwa zimepita mikononi mwake za kila aina, na alizijua hata zikiwa zimelala: ipi inakufa chaji ndani ya kabati siku ya pili, ipi inaendelea kuwakawaka wiki nzima kama ina kinyongo. Alipostaafu alibaki na mambo mawili kutoka bwenini. La kwanza ni shada la funguo alilolining'iniza kiunoni, funguo za milango ambayo hakuwa nayo tena. La pili ni ile tabia ya kumtazama mtu mikono kabla ya uso.

Sheria yake ilikuwa moja. Ukimwambia "Nataka aifoni" au "Nataka androidi," alikukata kauli hapo hapo. "Usinitajie simu. Nitajie shida."

Kuna jirani yetu mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na ofisi yake kutoka Dar es Salaam, mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Alikuja akiwa ameshaamua.

"Matroni, nataka aifoni. Ile ya macho matatu."

"Nitajie shida."

"Shida gani tena? Nataka simu nzuri."

"Asubuhi unaifanyia nini simu?"

Akafikiri. Asubuhi anasoma magrupu. Mchana anapiga picha nyaraka na kuzituma. Jioni, akasema kwa sauti ya chini, anacheza drafti.

"Macho matatu kwa ajili ya drafti," Matroni akasema. "Unataka umwone mwenzako mpaka mifupa?"

Sisi tuliokuwa pale kwenye benchi tulicheka vibaya. Mtumishi naye akajitetea kwa hasira kidogo: "Ofisini wote wanayo, Matroni. Ukiweka simu yako mezani kwenye kikao, watu wanaangalia."

"Ahaa. Hiyo sasa ndiyo shida. Ungesema tangu mwanzo."

Tulidhani atamwaibisha. Wala. Kwake kutaka heshima ilikuwa shida kama shida nyingine, inahitaji dawa yake. Akamshauri anunue androidi yenye betri kubwa na nafasi ya kutosha, kwa ajili ya magrupu na drafti, kisha aende kwa fundi akatafutiwe kava nene la aifoni, lenye yale matundu matatu, likatwe kidogo pembeni likae sawa. Na kwenye kikao aiweke kifudifudi. Mtumishi alifanya hivyo hivyo na akapanda cheo, ingawa sisemi kwamba ni kwa sababu ya kava. Siri hiyo tuliijua watu wa benchi tu, na sasa na wewe.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, kanga imejaa vumbi, viganja vimepasuka. Yeye alitaka kitochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye taa kichwani. "Mimi mkulima tu, mwanangu," alimwambia Matroni, ingawa walikuwa umri mmoja. Matroni akamhoji kama kawaida. Kumbe yule mama anauza zabibu zake kwa wateja wa Dar kwa picha. Anapiga kwa simu ya kuazima, picha zinatoka na ukungu, mteja anadhani zabibu zina ugonjwa. Hana muda wa kujifunza mambo ya simu, na akinunua kitu anataka kikae miaka.

"Wewe chukua aifoni," Matroni akasema. "Hata iliyotumika, mradi fundi aikague. Inapiga picha nzuri bila wewe kujua chochote, na haitakuchosha kwa kukuuliza maswali."

Benchi zima tuligeuka kumtazama. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, lakini akainunua. Alikuwa akiifuta vumbi kwa pindo la kanga kama anafuta kikombe. Siku moja sokoni alimwona mtumishi wetu na kava lake la matundu matatu, akamfuata kwa furaha: "Baba, na wewe unayo kama yangu! Hebu nionyeshe hapa picha zinafutwaje." Mtumishi akasema amechelewa kikao. Ilikuwa Jumamosi.

Sisemi kwamba alipatia kila mara. Mama ntilie wa kona ya pili alishauriwa kununua simu rahisi isiyo na nafasi, na kabla ya mwezi kuisha ikajaa, ikagoma hata kupokea ujumbe. Alikuja kibarazani na mwiko mkononi. Matroni hakuomba radhi. Sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu. "Hukuniambia una magrupu ya misiba," alisema. "Mtu mwenye magrupu ya misiba nisingemshauri hivi." Na ukweli ni kwamba alikuwa kigeugeu. Asubuhi angeiponda aifoni mbele ya mtu mmoja kama ni ugonjwa, mchana akaisifia mbele ya mwingine, na ukimkumbusha alikukodolea macho kana kwamba wewe ndiye mwenye matatizo. "Aliyekuja asubuhi ni wewe?" angekuuliza.

Baada ya shida yako alikuuliza nani atakutengenezea ikiharibika. Hapo aliinua kidole kuelekea sokoni, kwenye kibanda cha fundi simu. Fundi huyo ni mtu wa makamo kutoka Kondoa, Mrangi kama Matroni mwenyewe, na walipotaka kutusengenya waligeukia Kirangi mbele ya macho yetu bila haya. Vioo vya androidi za kawaida alikuwa navyo ukutani, vimening'inia kama mishikaki. Kioo cha aifoni alikuwa anakiagizia Dar, kinakuja na basi, na wewe unakaa unasubiri. "Kabla hujaipenda simu, kamtazame fundi wake," Matroni alisema. Mwisho alikuuliza swali ambalo watu wengi hawakulitegemea: watu wako wanatumia nini? Aliamini simu inanunuliwa kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili, na kwamba mwenye simu ni msindikizaji tu.

Lakini yeye mwenyewe alitumia kitochi. Kilikuwa kimezungushiwa mpira ili mfuniko wa betri usidondoke, na alikifunga kwenye pindo la kanga. Kikilia alijipekua mwilini mzima, kiunoni, kifuani, mgongoni, kwa ukali ule ule aliotupekua sisi. Ukimuuliza kwa nini hanunui simu ya kupangusa, alijibu, "Mimi sina shida."

Huo ndio uongo pekee niliomjua nao, na mtaa mzima tuliujua. Matroni alikuwa na mdogo wake wa kike kijijini kwao Kolo, huko Kondoa, asiyesikia tangu kuzaliwa na asiyesema. Hakupelekwa shule, hajui kusoma. Lugha yao waliitunga wenyewe wakiwa watoto, kwa mikono na uso, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua yote. Kila mtu wa Kolo alikuwa na jina lake humo. Shehe alikuwa mtu anayechezea ndevu, mwenye duka alikuwa mtu anayekuna kichwa ukimuomba chenji. Kitochi hakiwezi kubeba lugha ya namna hiyo. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Matroni alipanda basi la Kondoa akaenda kuongea na mdogo wake. Akirudi alikuwa amechangamka, mikono bado inamtembea yenyewe, na habari za Kolo tulizipata zote.

Kisha goti likaharibika. Mwanzoni alienda kwa kujikaza, baadaye akaruka mwezi mmoja, ukafuata mwingine. Daktari akamwambia aachane na safari za basi. Alirudi kibarazani, akaweka mguu juu ya ndoo, akaendelea kuwachagulia watu simu kwa ukali mpya. Mke wa mpwa wao aliyekaa na yule mdogo wake alipiga kwenye kitochi akasema bibi kila jioni anatoka kwenda kukaa kituo cha basi, haambiliki. Hakukuwa na namna ya kumweleza habari ya goti. Wangemwelezaje? Mwenye maneno alikuwa Nkuhungu. Nilikuwepo alipopokea simu hiyo, na nilimwona akiukunja uso kama mtu aliyeng'atwa.

Nilimwambia, "Matroni, si ununue simu ya video?"

"Niache."

Nikaenda kwa fundi kumshitakia. Jioni ile fundi alifunga kibanda mapema, akaja akakaa kwenye benchi letu pale pale wanapokaa wateja wa Matroni. Wakasalimiana vizuri. Matroni akaanza kumweleza kwamba simu hizi za siku hizi bei zake, na mtandao wa Kolo, na kwamba mtu asiyesikia hata simu ikilia haijui.

Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Mama, usinitajie simu. Nitajie shida."

Nilidhani atampiga na ungo. Akachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Halafu akasema, "Nikiinunua, ndiyo nimekubali kwamba Kolo siendi tena."

Mimi niliangalia barabarani, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na huyu mama hakupenda kuona msichana analia. Fundi akauliza polepole, "Na usipoinunua?"

Wakaanza kazi. Nimewahi kuona watu wakichagua kiwanja kwa haraka kuliko walivyochagua simu hizo. Zilihitajika mbili, yake na ya mdogo wake, na kila swali alilowauliza watu wa mtaa sasa aliulizwa yeye. Aifoni aliipima kwa haki: kioo safi, mikono itaonekana vizuri, vidole havitaungana. Lakini nani atamsaidia bibi huko Kolo ikikwama? Mke wa mpwa, na yule maisha yake yote ameshika androidi. Nani ataitengeneza? Fundi wa Kondoa mjini, rafiki wa fundi wetu, na ukutani kwake kumejaa vioo vya androidi. Kengele je? Fundi akaigusa simu mahali fulani, taa ya nyuma ikaanza kupiga mwanga kila inapoita. Matroni akaitazama taa ile ikiwaka na kuzima. "Hiyo ataiona hata akiwa kwenye shamba la mtu," akasema. Wakachukua androidi mbili za aina moja, zinazofanana mpaka rangi, ili mmoja akibabaika mwenzake ajue kidole kinawekwa wapi. Jina lake kwenye simu ya mdogo wake halikuandikwa. Iliwekwa picha yake, kavaa miwani na shada la funguo, kisha simu hiyo ikapelekwa Kolo kwa basi.

Siku ya kupiga kwa mara ya kwanza tulijaa kibarazani, hata mtumishi alikuja na kava lake. Matroni alijitanda mtandio mpya. Fundi akabonyeza, simu ikaita, upande wa pili ikapokelewa. Na Matroni, mtu aliyekamata simu za wasichana wa Kongwa miaka nenda rudi, aliyezijua zikiwa zimelala, akaichukua akaibandika sikioni.

"Haloo!" akapiga kelele. "Haloo! Unanisikia?"

Kule Kolo mdogo wake, mtu ambaye hajawahi kusikia neno hata moja, alikuwa anatazama kioo kilichojaa tundu la sikio la dada yake. Sisi hatukuweza hata kumwambia, tulikuwa tunalia kwa kicheko. Fundi ndiye aliyemtoa simu sikioni. Akaitazama, na pale kwenye kioo akamkuta mdogo wake kainama, anashikilia mbavu, halafu anainuka na kumwiga: kiganja kabandika sikioni, mdomo kaupanua, macho kayatoa. Matroni akaanza kumjibu kwa ukali, lakini mkono mmoja umeshika simu, na lugha yao inataka mikono miwili. Akanisukumizia mimi. Nikaishika juu, na wakaanza.

Sikuelewa kitu. Niliona tu goti likielezwa, likipigwapigwa na kukunjwa uso. Nikaona basi, nikaona daktari. Nikamwona yule mdogo wake ananyamaza mikono, anaiweka mapajani, anatazama. Kisha akainyanyua tena, akauliza kitu, na Matroni akajibu, na mikono ikazidi kwenda kasi, mpaka mkono wangu ukafa ganzi na chaji ikakaribia kwisha. Hakuna aliyeondoka pale kibarazani.

Tangu siku hiyo kilichompata alikitafuta mwenyewe. Alijaribu kuweka sheria za bweni: simu ni Jumamosi saa nne asubuhi tu, siku nyingine ifungiwe kabatini. Kolo hawakutii. Yule mdogo wake aligundua kwamba kugusa picha ya dada yake kunamleta dada yake, na aligusa akipika, aligusa akipeta ulezi, akamwonyesha mbuzi aliyezaa na jirani aliyenenepa. Simu ya Matroni ilimulika kwenye foleni ya zahanati, ilimulika msibani. "Mtoto hana adabu huyu," alisema akijipekua haraka haraka, na alikuwa anazungumzia mtu mwenye wajukuu.

Baadaye kazi ilinihamishia Singida, na ni huko nimeanza kumkumbuka kwa namna hii, kwa sababu huko watu wananunua simu ovyo ovyo bila kuulizwa chochote. Mara ya mwisho nilipita likizo. Nilimkuta amepungua mwili, shada la funguo limeshuka chini ya kiuno, lakini ndoo ilikuwa palepale na mguu juu yake.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Mikono yako imekuwa ya mtu asiyepika. Kaa, naongea."

Simu ilikuwa imesimama juu ya kigoda mbele yake, na mikono yake yote miwili iko huru. Aliigeuza kidogo ili nionekane. Yule mdogo wake alinisogelea kwenye kioo, akanikazia macho, kisha uso ukamng'aa. Akainua ngumi karibu na sikio, akafumba macho, akaitikisa kama mtu anayetikisa kitu chenye punje ndani. Akaninyooshea kidole, akarudia.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anakusalimu. Hilo ndilo jina lako."

"Tangu lini nina jina Kolo?"

"Tangu uko kidato cha pili," Matroni akasema. "Unadhani mwisho wa mwezi nilikuwa nampelekea habari za nani?"

Sikujua niweke wapi uso wangu. Miaka yote ile nilijihesabu kama msichana mmoja kati ya wengi aliowapekua, kumbe nilikuwa nimebebwa kwenye basi la Kondoa, nimesimuliwa, nimechekewa, nimetungiwa jina. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Na nilipoinamisha kichwa kuficha haya hiyo ndipo nikaona kilichoishikilia simu isianguke. Ulikuwa mkebe wa zamani wa maziwa ya unga, umejazwa karanga mpaka juu ili simu isimame wima, na ubavuni una herufi zilizokwaruzwa kwa msumari.

"Matroni! Mkebe wangu!"

Kule Kolo, mdogo wake alishaelewa na ameanza kucheka. Matroni hakugeuza hata shingo.

"Utapewa siku ya kufunga shule," akasema, akaendelea kuongea.